Mrejesho: zile picha za Kijapani za sebuleni

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama nakala za picha dhahania za Kijapani, zile zinazochapwa kwa mbao zilizochongwa, zitaendana na makochi yangu ya kahawia. Zimeendana, ila ukubwa nilichemsha.

Nilichukua mbili za Onchi Kōshirō (1891–1955), kinara wa sōsaku-hanga, yaani harakati ya wasanii waliochora, kuchonga na kuchapa wenyewe badala ya kugawana kazi na mafundi. Huyu alichapa hata kwa majani na kamba! Niliagiza saizi ya daftari. Juu ya kochi la watu watatu zikaonekana kama stempu kwenye bahasha. Nimezihamishia koridoni, mahali mtu anapita karibu nazo. Karatasi ichukueni isiyong'aa. Ya kwanza ilikuwa inang'aa, usiku ikawa inaonyesha taa badala ya picha.

Aliyenishauri fremu nyembamba nyeusi na ukingo mpana mweupe, ubarikiwe sana. Sebuleni sasa ipo nyingine moja kubwa, sentimita 70 kwa 100, mbali na dirisha jua lisije likaipausha. Mama watoto bado anaitazama akiwa ameinamisha shingo, anadai fundi kaitundika kichwa chini.