Mimea yangu mitatu ya bangi iko karibu kutoa maua, naiandaaje? (niko Ujerumani, kwetu Kasese, Uganda)

KijanaWaKasese
Habari zenu wandugu. Kabla mtu hajanirukia niseme kwanza mimi niko Leipzig, Ujerumani, na huku tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kupanda bangi mashina matatu nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe. Ninayo hayo matatu, basi, siuzi. Nauliza hapa kwa sababu Kijerumani changu cha kilimo ni kidogo na najua humu mko watu wa mashamba ya maua.

Nimepanda ndani ya kabati la nguo, urefu wake mita 1 na sentimita 80, taa ya LED juu, taima inawasha masaa 18 inazima 6. Mimea ina wiki sita, imefika kama sentimita 60, majani kijani kizito kabisa, iko kwenye ndoo za lita 11. Sasa nataka kuipeleka kwenye maua na naogopa kuharibu. Naanza na nini? Na kitu kingine kinanisumbua, nikiwa mtoto Kasese niliona mmea mmoja nyuma ya nyumba ya jirani umejaa maua na haujafika hata kiunoni, hakuna mtu alikuwa anauchezea na taa. Mbona yangu wiki sita zote haina hata dalili?

MamaMaua_Entebbe
Karibu mwanangu. Mimi huo mmea wako sijawahi kuupanda na hapa kwetu sitaupanda, lakini nimefanya kazi miaka kumi na moja kwenye shamba la krisanthemu huku upande wa Entebbe, na krisanthemu na bangi ni ndugu kwa jambo moja, vyote vinangoja usiku mrefu ndio vitoe maua.

Hapo ndipo jibu la Kasese lilipo. Sisi tuko juu ya ikweta, mchana wetu ni karibu masaa 12 mwaka mzima, Januari na Julai ni dakika chache tu za tofauti. Kwa hiyo mbegu ya Ulaya ukiiweka kwenye udongo wetu inaona usiku wa masaa 12 tangu siku ya kwanza, inadhani msimu umeisha, inakimbilia maua ikiwa bado fupi. Zile za asili za huku kwenye joto zimeuzoea usiku huo, zenyewe hurefuka na maua yake hayana haraka. Wewe unaipa masaa 18 ya mwanga, hata ungekaa mwaka haitoi.

Shambani kwetu kazi ilikuwa kinyume na yako, tulikuwa tunazuia maua kwa sababu tunauza vipandikizi. Unajua tulizuiaje? Balbu zinaning'inizwa juu ya matuta, katikati ya usiku zinawashwa masaa machache. Hayo tu. Mmea hauhesabu mchana, unahesabu giza lisilokatika, ndani ya jani kuna kitu kinaitwa fitokromu ndicho kinachosoma mwanga, ukikata giza katikati hesabu inaanza upya. Usiku mmoja balbu za tuta moja ziliungua na hakuna aliyegundua mpaka siku kadhaa zikapita, tuta lile likatoa vitumba na lile la jirani yake halikutoa kitu. Niliyaona kwa macho yangu.

Kwa hiyo ukibadilisha kuwa masaa 12 ya mwanga kwa 12 ya giza, hayo masaa 12 ya giza yawe giza kweli. Ingia kabatini mchana, jifungie, subiri dakika tano macho yazoee, kila mahali unapoona mwanga unapenya weka tepu nyeusi. Hata kile kitaa kidogo cha kwenye ekstenshen. Mmea wa bangi ukisumbuliwa giza lake unaweza kuchanganyikiwa, jike likatoa na viungo vya dume humohumo, likajizalisha mbegu.

Lakini usigeuze taa leo. Piga hesabu ya urefu kwanza. Kabati sm 180, toa ndoo 30, toa 50 za taa na nafasi yake, unabaki na mita moja. Huo mmea ukiingia kwenye maua wiki mbili tatu za kwanza unarefuka vibaya, unaweza kufika mara mbili. 60 mara mbili ni 120, vilele vitaungua kwenye taa. Laza matawi kwanza.

Mkulima_FortPortal
Mimi nalima kahawa na matunda ya pasheni. Ushauri wangu inyime mimea maji wiki moja na nusu mpaka majani yalegee halafu mwagilia sana, utaona maua yenyewe. Kahawa yetu ndivyo inavyofanya, kiangazi kikikatika na mvua ya kwanza, siku chache shamba lote linakuwa jeupe.

MamaMaua_Entebbe
@Mkulima_FortPortal hapana kaka, hapo utampoteza kijana. Kahawa inangoja kiu, huu unangoja giza. Ukiunyima maji mpaka ulegee wakati unaingia kwenye maua unaudhoofisha bure. Maji yawe ya kawaida, udongo ukauke juu kama kidole kimoja ndio umwagilie. Lakini kwenye kulaza matawi wewe ndiye fundi, mweleze unavyofanya pasheni.

Mkulima_FortPortal
Sawa dada nimekubali, la kahawa niondoeni. Kulaza sasa. Usitumie waya mtupu unakata ngozi ya tawi, chukua fulana ya zamani ichane vipande vya upana wa kidole, funga chini ya kile kilele cha katikati, vuta polepole kuelekea ukingo wa ndoo, toboa tundu pale ukingoni ufunge. Fanya asubuhi kabla hujamwagilia, tawi likijaa maji linavunjika kak! kama sukumawiki. Likikataa leo lisogeze kidogo, kesho tena kidogo. Baada ya siku mbili tatu utaona matawi ya pembeni yameinuka yote yanalingana, hapo mwanga unafika kote. Na yale matawi ya chini kabisa membamba yasiyoona taa yakate, yanakula tu. Ukimaliza kukata uuache upumzike wiki nzima kabla ya kugeuza taa, kidonda na maua usivipe pamoja.

Mzee_wa_Mbale
Vijana wa hapa nyumbani mnaosoma, msije mkachanganya. Ya Leipzig ni ya Leipzig. Uganda bado ni kosa. Najua kuna waliosikia kwamba Mahakama ya Katiba ilitengua ile sheria ya dawa za kulevya ya 2015 wakadhani mlango umefunguka. Ilitenguliwa 2023 kwa sababu ya akidi bungeni, wabunge waliopitisha hawakutimia idadi, na mwaka huohuo Bunge likapitisha nyingine. Wenye leseni ya kulima kwa ajili ya dawa ni habari nyingine kabisa. Na wewe kijana ukija krismasi usije na hata mbegu moja kwenye begi. Huko kwenyewe pia kuna mpaka, nyumbani gramu 50 kavu kwa mtu mzima, na unatakiwa kuhakikisha watoto hawafikii.

Dada_Arua
Mimi sina ushauri wa mimea. Mdogo wangu alianza kuvuta akiwa na miaka 15, leo ana 23 na bado kuna siku anasikia sauti na tunamshika mikono miwili kumpeleka kliniki. Sikuhukumu kaka, wewe ni mtu mzima na uko ndani ya sheria. Nakuomba tu kama kuna mtoto anaingia hiyo nyumba weka kufuli.

KijanaWaKasese
Dada_Arua pole sana, pole kwa mama pia. Mtoto wa shemeji yangu ana miaka tisa na huja jumamosi. Kufuli nimeliweka leo, ufunguo naweka kazini.

Mzee shikamoo, nimekuelewa, sibebi kitu.

Mama, nimejifungia kabatini kama ulivyosema. Banange! Nilidhani ni giza, kumbe mwanga unapenya kwenye bawaba na chini ya mlango, nimemaliza rola nzima ya tepu. Nimelaza matawi kwa fulana, moja tu limepasuka kidogo. Ila kwenye vifundo mmea wa kwanza na wa pili vimetoka vinyuzi viwili viwili vyeupe, wa tatu una vitu kama vipira vya kijani. Ni ugonjwa?

MamaMaua_Entebbe
Si ugonjwa, ni dalili za jinsia tu, maua yenyewe bado. Mmulikie na tochi ya simu, pale jani linapoungana na shina. Vinyuzi vyeupe kama ndevu za hindi changa, huyo jike. Kipira kimekaa juu ya kijiti na hakina unyuzi, huyo dume, na kikipasuka poleni itawajaa wale wawili, utavuna mbegu. Mtoe kabla havijafunguka. Zima feni kwanza, mfunike na mfuko mkubwa ndipo umkate.

Kwa waliobaki, mbolea ya kukuza majani punguza polepole, ule ukijani mzito uliousema ni naitrojeni nyingi tayari. Vitumba vikionekana ndio uingize ile yenye fosforasi na potasiamu zaidi, nusu ya kipimo cha kwenye chupa kwanza. Unyevu wa hewa sasa unaweza kuwa asilimia 60, maua yakianza shusha kwenye 50 au chini yake na feni izunguke, kwa sababu ua likinenepa ukungu wa kijivu huanzia ndani usikouona. Kwenye krisanthemu ukungu huo umetutoa machozi sana.

KijanaWaKasese
Dume nimemtoa. Nilisikia vibaya, ndiye alikuwa mrefu kuliko wote.

Nimesubiri siku nane kama kaka wa Fort Portal alivyosema, lile tawi lililopasuka limefunga kovu. Leo nimegeuza taima, inawasha saa 2 asubuhi, inazima saa 2 usiku. Mimea miwili, kilele kirefu sentimita 48. Nitapima kila jumapili niwaandikie.

MamaMaua_Entebbe
Andika na tarehe. Na usiku usifungue mlango kuchungulia, hata kidogo.