Mjadala: Mwigizaji aruhusiwe kuvaa lafudhi ya kabila lisilo lake?

Wiki jana, mazoezini katika ukumbi mmoja hapa Eastlands, kijana wa kikundi chetu alikataa nafasi aliyopewa. Alitakiwa awe mlinzi wa usiku, na mwandishi wa mchezo alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "aongee Kiluhya-Luhya." Kijana mwenyewe ni Mkamba, mzaliwa wa Umoja. Akaniambia, "Mwalimu, huyu ni baba ya rafiki yangu. Nitamcheka vipi mbele ya watu?" Wenzake wakamuunga mkono, wakataka lafudhi za makabila ziondolewe jukwaani kabisa na kila mtu acheze watu wa kwao. Tulibishana hadi tukafungiwa taa.

Nimelala na kuamka na jambo hili. Uchungu wa kijana nauelewa, lakini dawa anayoitaka siikubali, kwa sababu dawa hiyo inamfuta Mzee Ojwang'.

Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Kwa miongo mingi nchi hii ilimjua kama Ojwang' wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, mzee wa Kijaluo mwenye miwani na hila zisizofika mbali. Mkewe wa runingani, Mama Kayai, ni Mary Khavere, naye ni Mluhya. Yaani ile nyumba ya Kijaluo tuliyoipenda kuliko zote haikuwa na baba wala mama Mjaluo! Ojwang' alipofariki Julai 2015, nilikaa na watu wazima mtaani kwetu waliokuwa wakilisikia jina Wanjau kwa mara ya kwanza.

Kwa nini ilikubalika? Tafuta kipindi cha zamani, uzime sauti, utazame tu. Bado utamjua. Utaona mume anayejiona mjanja, na mke ambaye ameshamsoma kabla hajaketi. Lafudhi iliongezwa juu ya mtu aliyekwisha kujengwa. Hapo ndipo sisi waelekezi wa leo tumekosea, na lawama naanza kuibeba mwenyewe. Mtu wa Nyanza tunampa "s" mahali pa "sh", wa Mlima Kenya tunamgeuzia "l" kuwa "r", wa Magharibi "b" inakuwa "p", halafu tunajiona tumemaliza kazi. Anataka nini mtu huyo? Anaogopa nini? Hatukujiuliza. Ukumbi ukicheka, unacheka ulimi wa watu, maana hatukuupa kitu kingine.

Lakini kumfungia mwigizaji kwao ni kumuua mapema. Joseph Olita, mtu wa Siaya, alimcheza Idi Amin katika filamu ya 1981, kisha akaitwa tena kumcheza katika Mississippi Masala ya 1991. Amin alikuwa Mkakwa, tungesubiri Mkakwa? Oliver Litondo, Mluhya aliyewahi kusoma habari runingani, ndiye aliyetupa Kimani Maruge katika filamu ya The First Grader, yule mzee wa Mau Mau aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Mwigizaji hudumu miaka mingi kwa sababu anaweza kuingia nyumba ambazo hakuzaliwa.

Nimesema yangu. Nipingeni.

Mama wa Mathare: Mwalimu, nakuheshimu, lakini nisikilize. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa na miaka 19. Vijana walikuwa wakisimama njiani, wanakuuliza swali lolote mradi ufungue mdomo, wajue kabila lako. Mama yangu alikaa nami usiku kucha akinifundisha kutamka "shamba". Usiku mzima, neno moja. Sasa nikikaa ukumbini watu wakicheka "samba", mimi sicheki, na aliyeketi kando yangu simjui anacheka nini.

Mwigizaji, Kayole: Mimi ni Mjaluo, nina miaka 12 katika kazi hii. Huitwa pale tu anapotakiwa mtu wa kuringa na Kiingereza kikubwa. Sijawahi kupewa mkulima. Sijawahi kupewa mchungaji wa kanisa. Ikiwa Wanjau aliweza kuwa Ojwang', mbona mimi siitwi kuwa Wanjau?

Mwalimu wa fasihi: Marehemu Francis Imbuga alishalitatua hili. Mchezo wake Betrayal in the City aliuweka Kafira, nchi ya kubuni; panga upya herufi zake upate Afrika. Mwaka 1977 mchezo huo uliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC kule Lagos, na hakuna aliyeuliza mhusika wake Mulili ni wa kabila gani. Tubuni nchi zetu, tuache vijiji vya watu.

Mwanzisha mada: Mwalimu mwenzangu, hata huko Kafira, Mulili tunamjua kwa Kiingereza chake kilichovunjika. Ulimi umeondolewa kabila tu, haukuondolewa mchezoni. Nami ninaelekeza mchezo wa mtaa huu, wenye watu wanaopanda matatu nami kila asubuhi. Nikiwahamishia nchi ya kubuni, hawatajiona.

Mama, lako limenikaa kifuani. Hoja yangu yote ya kuzima sauti haifiki pale ulipo wewe, kwa sababu uliyoyapitia yalikuwa katika sauti yenyewe. Sitakuambia ucheke. Nilichofanya ni hiki: nimefuta ule wino mwekundu. Kijana atamcheza mlinzi kwa sauti yake mwenyewe kwa majuma mawili, na amekubali kwenda kukesha na mlinzi halisi zamu moja. Akirudi na lafudhi aliyoipata kwa mtu, tutaisikiliza. Akirudi bila hiyo, mlinzi wetu ataongea kama kijana wa Umoja. Kabla ya kuonyesha, ningependa uje ukae nyuma ya ukumbi uniambie unasikia nini.

Na wewe ndugu wa Kayole, nimehesabu michezo yangu minane. Nimewavalisha Wakikuyu na Waluhya lafudhi ya Kijaluo mara tatu. Mjaluo kucheza Mkikuyu, hata mara moja sijafanya. Katika mchezo huu kuna babu wa Nyeri anayegawa shamba lake, nafasi ndefu, na bado haina mtu. Mazoezi ni Jumanne saa kumi na moja jioni. Njoo uisome.