Shule inataka tuache Kiswahili nyumbani ili mtoto ashike Kiingereza, tufuate?

MamaRaskazone
Habari zenu jamani, naomba ushauri kwa wazazi na walimu hasa wa hapa Tanga. Nna binti wa miaka 8, mwezi wa kwanza tumemhamishia shule ya kimataifa akitokea shule ya msingi ya serikali huku huku mjini, kule alikuwa anasoma kwa Kiswahili na anafanya vizuri, hesabu ndo usiseme. Sasa huku kila kitu Kiingereza na mtoto kanyamaza. Yaani darasani haongei kabisa, akiulizwa anainamisha kichwa, ila akirudi nyumbani hadithi haziishi. Juzi nimeitwa, wakaniambia kwa upole tu kwamba nyumbani tuongee Kiingereza peke yake, na kwamba wanafikiria kumshusha darasa moja. Mimi na baba yake Kiingereza chetu ni cha kazini, cha kumlelea mtoto hatuna. Bibi yake ndo anakaa naye mchana na anaongea naye Kidigo, kwao Duga. Jioni anaenda chuo cha Qurani. Je, na bibi nimwambie aache? Ni kweli lugha nyingi zinamchanganya? Naumia sana kumuona mtoto mchangamfu vile anakuwa hivi.

mwl_Chumbageni
Pole mama. Kazi yangu ndo hiyo, kusaidia watoto wanaosomeshwa kwa Kiingereza huku nyumbani wana lugha nyingine. Nakujibu moja kwa moja: bibi asiache, na nyie msiache.

Huo ukimya usikutishe. Watoto wengi wakiingizwa kwenye lugha mpya wananyamaza kwanza, wengine wiki kadhaa, wengine miezi, na muda wote huo wanasikiliza na wanaokota maneno. Kinachowaharibu ni kulazimishwa kusimama waongee mbele ya wenzao. Mwalimu mzuri atamkubalia aonyeshe kwa kidole, achore, apange picha, amnong'oneze mwenzake jibu.

Halafu kuna kitu wazazi wengi hawaambiwi. Kuna mtaalamu wa Canada anaitwa Jim Cummins, tangu 1979 amekuwa akieleza tofauti ya Kiingereza cha kuchezea na Kiingereza cha kusomea. Cha kuchezea, cha uwanjani na kuombana rangi, mtoto anakipata baada ya kujifunza kama miaka 2 hivi. Cha kusomea, yaani cha kuelewa swali refu la hesabu au kuandika kwa nini maji yamekauka, kinachukua miaka 5 mpaka 7 kufikia wenzake waliozaliwa nacho. Kwa hiyo binti yako kuwa kimya baada ya miezi michache hakuna ubaya wowote, na siku akianza kuongea vizuri msije mkasema tayari ameshajua akanyimwa msaada. Hapo ndo wengi wanaachwa.

Na mnachoongea nyumbani hakipotei. Mtoto aliyeelewa kugawanya kwa Kiswahili hatafundishwa upya kugawanya, anahitaji maneno tu ya kusemea kile anachokijua. Mfano somo la sayansi, maji kuwa mvuke. Mtoto wa pwani hii ambaye bibi yake amempeleka kwenye mashamba ya chumvi, akamuonyesha maji ya bahari yanavyoingizwa, jua linayapiga mpaka inabaki chumvi nyeupe, huyo somo analo tayari hata kama kaelezwa kwa Kidigo. Sasa mkimnyamazisha bibi, haya mambo atayapata wapi? Kwenye Kiingereza cha kuombea maji?

Msambaa_wa_Soni
Mimi napingana kidogo na mwalimu, samahani. Tunalipa ada kubwa pale ili mtoto apate Kiingereza, hatujampeleka akaongee Kiswahili. Darasani kwa wanangu wapo Waganda, wapo Wafaransa na Wachina, tangu mambo ya bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga yaanze mji umechanganyika, sasa kila mmoja akishika lugha yake watoto watacheza pamoja saa ngapi? Wanangu tuliwawekea katuni na vitabu vya Kiingereza kila siku na wameenda vizuri.

mwl_Chumbageni
Kaka Msambaa, katuni na vitabu ni sawa kabisa, mama aviongeze. Ninachokataa ni kuondoa lugha ya nyumbani ili kupisha Kiingereza. Hao Wafaransa ukiwauliza, nyumbani wanaongea Kifaransa na jioni wanasoma vitabu vya Kifaransa, hakuna anayewaambia waache. Mbona sisi ndo tunaambiwa? Hata wenye mitaala ya kimataifa wanaiheshimu lugha yetu, Cambridge ya Uingereza wametahini Kiswahili kwenye IGCSE, mtihani wao wa sekondari, na IB, mtaala mwingine wa kimataifa, nao wana Kiswahili kwenye diploma yao ya kumalizia sekondari.

form1_Muheza
Nami niongezee, nafundisha sekondari ya serikali. Hili la huyu binti sisi tunalo kila Januari kwa darasa zima, watoto wamesoma msingi miaka yote kwa Kiswahili, wanaingia form one kila kitu kinageuka Kiingereza. Akili wanazo, lakini wanakariri notisi bila kuelewa maana hakuna aliyewajengea njia ya kuvuka. Nikiwaachia wajadiliane kwanza kwa Kiswahili kwenye makundi ndo waandike kwa Kiingereza, majibu yanabadilika kabisa, mpaka wale wa nyuma wananyoosha mikono. Dada, usikubali mtoto ashushwe darasa kwa sababu ya lugha. Atarudia hesabu anazozijua na Kiingereza hakitakuja haraka kwa ajili hiyo.

MamaRaskazone
Asanteni sana, nimemsomea baba yake yote haya. Nimepangiwa kuonana na mwalimu wa darasa na mkuu wa shule Alhamisi. Niombe nini hasa, maana sitaki ionekane nimekuja kugombana? Na chuo je, shuleni wanasema kinamchosha.

mwl_Chumbageni
Chuo aendelee kama hachoki kweli, wewe mama ndo unamjua. Waambie shuleni kwamba mtoto anasoma herufi za Kiarabu kutoka kulia na za kirumi kutoka kushoto, wengi hawajui kabisa kama mtoto huyo kazi ya kusoma ameshaizoea.

La kwanza kuomba, apimwe hesabu kwa Kiswahili. Wakikosa mtu wa kutahini, hata mhasibu wa ofisini anaweza kumsomea maswali. Hapo watajua kama shida ni hesabu au lugha, maana dawa zake si moja. Kisha omba kila Ijumaa mada za wiki inayofuata, hata kwa meseji, ili wewe na bibi mziongelee kwa lugha zenu wikiendi, Jumatatu aingie darasani anajua kinachozungumzwa. Omba akae na mtoto anayejua Kiswahili na Kiingereza, na aruhusiwe kuandika rasimu kwa Kiswahili kwanza. Uliza pia wanapimaje maendeleo yake ya Kiingereza. Shule nyingi za kimataifa zinatumia WIDA, vipimo vya Kiingereza vya Marekani vyenye ngazi 1 mpaka 6, vinaeleza mtoto anaweza nini kila ngazi, waambie wakuonyeshe yupo wapi na muhula ujao wanataka afike wapi.

Na beba madaftari yake ya shule ya zamani, ya hesabu na sayansi, uyaweke mezani kabla hawajaanza kuongea habari za kumshusha.