Fluent, OpenFOAM au fomula: mnatumia nini kupanga nozeli za biti ya PDC?

mchorongaji85:
Wakuu, heshima kwenu. Nina biti ya PDC (kichwa cha kuchorongea chenye vikataji vya almasi ya kutengenezwa) ya inchi 8½, mabawa sita, nozeli (vitundu vya kurushia matope) sita za inchi 12/32. Tukifika kwenye tabaka la udongo, tope linaganda katikati ya mabawa na kasi ya uchorongaji inakufa. Nataka kubadilisha pembe za nozeli. Bosi anauliza: tununue leseni ya Ansys Fluent (programu ya kuiga mtiririko kwa kompyuta), tutumie OpenFOAM ya bure inayofanya kazi hiyo hiyo, au tubaki na fomula? Matope ya kuchorongea ni paundi 10 kwa galoni, pampu inatoa galoni 500 kwa dakika.

fundi_pampu:
Anza na fomula mkuu, hata kama leseni ipo. Nozeli zako zina jumla ya inchi za mraba 0.66. Ukiweka mgawo wa mtoko (kipimo cha hasara ndani ya nozeli) 0.95, presha inayopotea kwenye biti ni kama psi 520, na matope yanatoka kwa takriban mita 74 kwa sekunde. Uigaji ukikuletea psi 900, rudi kwenye meshi (vyumba vidogo ambavyo kompyuta inagawia nafasi ya mtiririko) na data ulizoingiza kabla ya kuanza kushangilia picha za rangi.

Ila fomula haijui nozeli inatazama wapi. Igeuze nyuzi 15, jibu ni lile lile. Na shida yako iko hapo hapo.

dada_seli:
Mimi OpenFOAM. Hulipii leseni, kwa hiyo ukiongeza kori za kompyuta bili ya programu haipandi. Unalipa kwa muda wako: snappyHexMesh, chombo chake cha kutengeneza meshi, itakutoa jasho kwenye kingo za vikataji. Halafu kuna matawi mawili makuu ya programu hiyo, la Foundation na la ESI, na faili za tawi moja huweza kukataliwa na jingine. Chagua moja ubaki nalo.

Kwa msukosuko wa mtiririko, tumia modeli ya k-omega SST ya Menter (1994). Modeli ya k-epsilon ya kawaida inazidisha msukosuko pale mchirizi wa nozeli unapogonga mwamba uso kwa uso, na hapo ndipo unapopatazama wewe.

mzee_wa_fluent:
Sawa dada, lakini huyu ana bosi anayesubiri. Kwa mtu asiyezoea Linux, Fluent itampa jibu la kwanza mapema zaidi. Onyo moja tu: katika matoleo niliyotumia, ukiwasha modeli ya msukosuko, mnato wa Herschel-Bulkley (modeli ya matope yasiyotiririka mpaka yasukumwe vya kutosha) haupatikani mpaka uuruhusu kwa amri ya maandishi. Ukiruka hatua hiyo utaiga maji mazito ukidhani ni matope.

mchorongaji85:
Shukrani wakuu. Mzunguko je? Biti inazunguka mara 120 kwa dakika. Na vipande vya mwamba niviweke?

fundi_pampu:
Ukingo wa biti unakwenda mita 1.4 kwa sekunde tu, mchirizi 74. Shimo ni duara, kwa hiyo fremu moja inayozunguka (hesabu inafanywa kana kwamba unazunguka pamoja na biti) inatosha. Meshi inayoteleza, yaani kuizungusha meshi yenyewe hatua kwa hatua, ni kuchoma umeme bure.

Vipande: tuseme unachoronga mita 20 kwa saa. Hiyo ni mwamba mita za ujazo 0.73, ndani ya matope mita za ujazo 114. Haifiki asilimia moja, basi kufuatilia chembe moja moja kunatosha hapo kwenye biti. Kwenye kisima cha mlalo, ambako vipande vinalala chini ya bomba, hesabu ni nyingine kabisa.

dada_seli:
Niongeze hapo. Hakuna programu kati ya hizi itakayokuambia kwamba udongo utanata. Kunata ni kemia ya udongo na matope. Wewe tazama mkwaruzo wa mtiririko kwenye uso wa mabawa: palipo karibu na sifuri ndipo tope litakapokaa. Palipozidi sana, chuma kitaliwa.

mzee_wa_fluent:
Na kabla ya kuchonga chuma, chapisha biti ya plastiki, iweke kwenye bomba la akriliki, pitisha maji yenye rangi. Maji si matope, najua. Lakini mifuko iliyokufa utaiona kwa macho, na bosi ataielewa kuliko grafu zako zote.

mchorongaji85:
Basi nakwenda na OpenFOAM, nijaribu pembe tatu tofauti za nozeli, kwa SST. Dada, tawi lipi lina Herschel-Bulkley?

dada_seli:
Yote mawili.