Uvimbe wa mama haushikiki tena baada ya kemo: je, upasuaji bado unahitajika?

Kitindamimba aliuliza:

Habari zenu. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kumuuguza mzazi mwenye saratani ya matiti, hasa katika kipindi kama hiki tulichomo, ambapo kemo imekwisha na upasuaji bado haujafanyika.

Mama yetu alianzishiwa kemo kwanza kwa sababu uvimbe ulikuwa mkubwa na ulikuwa umeshafika kwenye tezi za kwapani, na daktari alitaka upungue kabla ya kupasuliwa. Dawa zilimchosha mno. Nywele zilikatika, mkojo ulikuwa mwekundu baada ya dripu za mwanzo, na zile za mwisho zimemwachia ganzi kwenye vidole vya miguu ambayo haijaondoka. La kushukuru ni kwamba uvimbe haushikiki tena kwa mkono, na picha ya mwisho ya ultrasaundi haikuonyesha kitu. Hapo ndipo tulipoanza kuvutana. Mjomba na shangazi wanasema ugonjwa umekwisha, na kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Kaka yetu mkubwa anataka titi liondolewe lote bila mjadala. Dada anayeishi na mama, ambaye ndiye aliyebeba karibu mzigo wote wa kumuuguza, anaomba mama apumzike kwanza kwa miezi michache. Mama mwenyewe hajasema neno, na kwa kweli hatujamuuliza, kwa kuwa mengi tumekuwa tukiyazungumza na daktari nje ya chumba ili asivunjike moyo.

Je, kuna sababu ya kukata kitu ambacho hakionekani? Anaweza kusubiri kwa muda gani? Na tumwandaeje, ikizingatiwa kwamba anameza dawa za presha pamoja na aspirini ndogo kila siku?

Muuguzi wa Wodi ya Upasuaji alijibu:

Poleni sana, na hongereni kwa kumfikisha mama hapo. Nitaanza na swali la kwanza kwa kuwa ndilo linalowagawa.

Uvimbe kutoshikika ni dalili njema, lakini si ushahidi kwamba seli zote zimekufa. Ultrasaundi na mamogramu haziwezi kuona vikundi vidogo vya seli vilivyobaki vimetawanyika mahali uvimbe ulipokuwa. Anayeweza kusema kwa uhakika ni mtaalamu wa patholojia, baada ya sehemu hiyo kuondolewa, kukatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Wapo wanaokutwa hawana hata seli moja ya saratani, nasi wodini hufurahi pamoja nao, ila hata hao walijulikana baada ya upasuaji. Tena majibu hayo hayaishii kwenye faili, kwa sababu ndiyo yanayomwongoza daktari kuamua kama mgonjwa ataongezewa dawa nyingine. Kama saratani yake ni ile inayochochewa na homoni, atapewa vidonge vya kuizuia, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa miaka 5 hadi 10.

Hofu ya kisu ninaielewa, na sipendi watu wazima wakidharauliwa kwa sababu yake. Wagonjwa wengi walikuwa wakifika kwa daktari ugonjwa ukiwa umeshaenea. Walipasuliwa, wakafariki muda mfupi baadaye, na lawama zote zikaangukia kisu. Saratani ilikuwa imesambaa kabla ya kisu kufika. Mwelezeni mjomba hivyo kwa upole, au, lililo bora zaidi, nendeni naye kwa daktari wa upasuaji akamwulize mwenyewe.

Kuhusu muda, upasuaji mara nyingi hupangwa kati ya wiki 3 na 6 baada ya dripu ya mwisho, ili chembe nyeupe za damu na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zirudi katika kiwango cha kawaida, na madaktari wengi hujitahidi zisipite wiki 8. Miezi michache ambayo dada anaiomba ni mingi mno, kwani seli zilizostahimili dawa zitapata nafasi ya kukua bila kuzuiwa na chochote. Dada amechoka, na pengine kinachohitajika ni yeye kupumzishwa na ninyi wengine, badala ya tiba ya mama kusimama.

Ulizeni pia jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui: je, kabla ya kemo kuanza, mama aliwekewa alama ndogo ya chuma ndani ya titi? Alama hiyo humwonyesha daktari mahali uvimbe ulipokuwa iwapo dawa zitaufanya utoweke. Kama haikuwekwa, picha za kabla ya kemo zitakuwa na thamani kubwa sana, kwa hiyo zitafuteni zote.

Aspirini msiisimamishe kwa uamuzi wenu, wala msinyamaze mkaiacha iendelee. Andikeni dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba na vidonge vya virutubisho, kwa kuwa baadhi yake, kama vile vidonge vya kitunguu saumu, vinaweza kuongeza damu kutoka wakati wa upasuaji. Orodha hiyo apewe daktari wa usingizi, naye ndiye atakayesema ipi iachwe na lini, na ipi imezwe hata asubuhi ya siku yenyewe. Mwambieni pia kuhusu ganzi ya miguu. Ile dawa iliyofanya mkojo uwe mwekundu inaweza kuudhoofisha moyo, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza kama moyo umepimwa upya. Kuhusu kufunga, utaratibu wa kawaida ni kutokula chakula kigumu kwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi, na maji matupu huruhusiwa hadi zibaki saa 2, lakini mfuate maelekezo mtakayopewa.

Kwa sasa atembee kila siku kadiri anavyoweza, bila kuachwa peke yake kwenye ngazi kwa sababu ya ganzi. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, na msimpe parasetamoli ya kushusha homa kabla ya kulipima, kwani itaficha dalili.

Bi Mkongwe alijibu:

Muuguzi amesema ya kitabibu, nami sitayarudia. Mimi nizungumze kama mama ambaye wanawe walimfanyia hayohayo.

Mnaposema na daktari nje ya chumba, mama yenu anaona mlango umefungwa, anaona jinsi mnavyorudi na nyuso mlizojitengenezea, kisha anajaza mwenyewe yale msiyomwambia. Yale niliyoyajaza mimi yalikuwa mabaya kuliko ukweli wenyewe. Mwanangu, titi ni la kwake. Kaka yako hana haki ya kuamua liondolewe lote, na mjomba hana haki ya kuamua libaki, hata kama wote wanampenda. Fomu ya ridhaa atatia sahihi yeye, kwa hiyo mmoja wenu aketi naye, amsomee taratibu, na ampe muda wa kuuliza hata maswali mnayoyaona madogo. Mimi nilitaka kujua kama nitaweza kuinua mkono kuvaa nguo bila msaada, na sikupata wa kumwuliza.

Huenda akachagua jambo ambalo hamkulitarajia. Kuna wanaoweza kuondolewa sehemu ya titi pekee kisha wakapigwa mionzi. Tafiti kubwa mbili zilizowafuatilia wanawake kwa miaka 20, ambazo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002, zilionyesha kwamba waliotibiwa hivyo waliishi sawasawa na walioondolewa titi lote. Kama njia hiyo inamfaa mama yenu ni suala la daktari kusema, lakini alisikie yeye mwenyewe. Na akisema hataki kusikia undani wa ugonjwa, hilo nalo ni jibu; ila litoke kinywani mwake.

Kitindamimba alijibu:

Ninawashukuru nyote. Tulikwenda kwa daktari pamoja na mama na mjomba, na safari hii mama ndiye aliyeuliza. Alama ya chuma ipo. Ameambiwa kwamba anaweza kuondolewa sehemu tu pamoja na tezi za kwapani na kisha apigwe mionzi, naye ameomba siku chache afikirie. Kaka amekubali kusubiri, ingawa kwa shingo upande. Zamu za kulala na mama tumezipanga upya ili dada apumzike. Daktari alitaja mrija utakaobaki kwapani baada ya upasuaji, nasi tunaogopa kuushughulikia nyumbani.

Muuguzi wa Wodi ya Upasuaji alijibu:

Msiuogope. Mrija huo hutoa majimaji yanayojikusanya mahali tezi zilipokuwa, na kabla hamjaruhusiwa, mwombeni muuguzi awaonyeshe jinsi ya kuumwaga, kisha nanyi mfanye mbele yake mpaka aridhike. Naweni mikono kwa sabuni kabla na baada, pimeni kiasi kinachotoka kila baada ya saa 24 na mkiandike, kwa sababu kwa kawaida mrija huondolewa majimaji yakishuka chini ya mililita 30 hivi kwa siku. Yatakuwa mekundu mwanzoni, kisha yatageuka kuwa ya manjano. Yakirudi kuwa damu nzito, yakianza kunuka, au ngozi inayouzunguka mrija ikiwa nyekundu na ya moto, rudini hospitali bila kusubiri siku ya miadi.

Na lile swali ambalo Bi Mkongwe hakupata wa kumjibu: mama ataanza kukunja na kukunjua vidole na kiwiko mapema kabisa, mazoezi ya kuinua mkono juu ya bega yatafuata pale daktari atakaporuhusu, na wengi huweza tena kuvaa wenyewe. Anaweza kupata ganzi upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, kwa kuwa mishipa midogo ya fahamu hupita kwapani. Mwambieni mapema ili isimshtue.