75mm f/1.5 kwenye Leica M6: kikuzaji, M3 au kitazamio cha elektroniki?

pwani_35
Wakuu, heshima kwenu. Nina Leica M6 yenye kitazamio cha ukuzaji wa 0.72 na lenzi ya Voigtländer Nokton 75mm f/1.5. Mwezi uliopita nilimpiga bibi yangu mkanda mzima, amekaa barazani Tanga, jua la saa kumi na moja linampiga ubavuni. Picha 36, zote lenzi ikiwa wazi kabisa, umbali wa mita moja hivi. Mkanda uliposafishwa nikazipitia negativu kwa lenzi ya mkononi: zilizoshika fokasi kwenye jicho ni 11. Nyingi zimeshika sikio. Moja imeshika pini ya ushungi, kali kiasi kwamba unaona mikwaruzo yake, na bibi mwenyewe yuko kwenye ukungu.

Nina njia tatu. Kikuzaji cha 1.4x cha kufunga nyuma ya kitazamio, au niuze M6 nichukue M3, au nihamie M10 ya dijitali na kitazamio chake cha elektroniki, Visoflex. Filamu naipenda, lakini bibi ana miaka 84, siwezi kumkalisha kila Jumapili. Aliyepita huko aseme.

mzee_wa_mkanda
M3 achana nayo kwa lenzi hiyo. Kitazamio chake ndicho kinachokuza kuliko Leica M zote, 0.91, na kwa 50 na 90 hutaki kurudi kwingine. Lakini fremu zake, yaani mistari ya kitazamioni inayoonyesha picha inaishia wapi, ni za lenzi za 50, 90 na 135 tu. Ukifunga 75 inakuletea fremu ya 50, halafu unabaki kubahatisha kichwa cha bibi kinaishia wapi. M6 yako fremu ya 75 unayo, kaa nayo.

hesabu_kwanza
Tuanze na pembetatu, maana renjifainda, kipima umbali cha kamera, ni hiyo tu. Madirisha mawili yanatazama kope moja, kamera inapima pembe kati yake. Wewe unaona kiraka katikati ya kitazamio, picha mbili zikilingana humo fokasi imeshika. Madirisha yakiachana zaidi, kipimo kinakuwa kizuri zaidi. Kwenye Leica M yameachana karibu milimita 69. Zidisha kwa ukuzaji wa kitazamio upate msingi unaofanya kazi kweli:

M6 ya 0.72: kama milimita 50.
M3: kama 63.
M6 yako na kikuzaji cha 1.4x: 70. Umeshampita M3 bila kuuza kitu.

(Wenye kamera za Kiev msicheke sana. Madirisha yenu yaliyoachana milimita 90, mliyorithi kutoka Contax II ya 1936, bado yanatuaibisha. Na Bessa R3A, pamoja na kitazamio chake kitamu cha 1:1, msingi wake ni 37 tu.)

Sasa jicho. Mtu wa kawaida anatambua mistari miwili imeachana ikifika kama dakika moja ya pembe. Kwa msingi wa 50, ukiwa mita 1, hilo ni kosa la milimita 6 mbele au nyuma. Nokton yako ikiwa wazi, umbali huohuo, kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali, ni kama milimita 15 zote, yaani 7 mbele na 7 nyuma. Unapita, lakini umebana tumbo.

Watu hudhani mkorofi ni Noctilux ya 50mm f/1. Chukua urefu wa lenzi, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa namba ya f. Noctilux hiyo inatoa 2500. Yako 3750. Summicron ya 90 f/2 ni 4050, na 135 f/4, ile inayoonekana mpole, ni 4556! Namba ikipanda, renjifainda inapata taabu. Ndiyo maana Leica walipotoa Elmarit 135 f/2.8 waliiwekea miwani mbele ya madirisha ya kamera ili ikuze.

pwani_35
Asante mkuu. Kwa hiyo kikuzaji ndiyo jibu?

hesabu_kwanza
Kwa upande wa kipimo, ndiyo. Ila angalia: kosa la renjifainda na kina cha fokasi vyote vinakua kwa mraba wa umbali. Ukirudi nyuma, uwiano wao unabaki palepale. Kinachobadilika ni mwili wako. Ukiyumba sentimita moja ukiwa mita 1, umeshatoka nje. Ukiwa mita 1.5 kina kimefika milimita 34, sentimita hiyo inamezwa.

Salma_Mskt
Mimi nina M10 na Visoflex hapa Muscat, nikueleze kinavyokuwa. Unabonyeza, picha inakuzwa, unaziona kope moja moja. Kingo zilizo kali zinapakwa mstari mwekundu. Ukiwa na mtu aliyetulia, hukosi. Tena inakuonyesha lenzi yenyewe inavyoona, si makadirio ya mkono wa chuma ndani ya kamera. Nina Zeiss C Sonnar 50mm f/1.5, za mwanzo zilipangwa ziwe sawasawa kwenye f/2.8, kwa hiyo ukiifungua wazi fokasi inaangukia mbele ya ulipoelekeza. Kwenye kiraka cha renjifainda hutalijua hilo milele. Kwenye Visoflex unaliona hapohapo.

Lakini nimempiga mama yangu kwa njia hiyo, na picha zote ana uso wa mtu anayesubiri daktari. Kukuza, kutafuta jicho, kurudi kwenye picha nzima... kicheko kimeshapita. Picha ninayoipenda zaidi ya mama niliipiga kwa kiraka, na fokasi yake imepotea kidogo.

mzee_wa_mkanda
Hapo dada Salma umesema.

fundi_lenzi_Nbi
Ndugu zangu, mnanunua dawa kabla ya kupima malaria. Bwana pwani_35, umesema nyingi zimeshika sikio. Yaani fokasi inaangukia nyuma. Makosa ya macho hutawanyika, mengine mbele, mengine nyuma. Yakielekea upande mmoja kuna sababu yake, na ninazijua mbili.

Ya kwanza, renjifainda imehama. Funga kamera kwenye stendi, laza rula kwa nyuzi 45 umbali wa mita 1, chora mstari mmoja mnene, lenganisha kiraka katikati kabisa, piga picha sita ukizungusha lenzi upya kila mara. Usiku angalia mwezi: lenzi ikigonga mwisho, miezi miwili lazima iwe mmoja. Usiguse skrubu yoyote hata ukiiona! Kuna mteja aliniletea M4 aliyoikaza kwa kisu cha matunda.

Ya pili ni shingo yako. Unapiga wima, si ndiyo? Kiraka kiko katikati, jicho unalitaka juu. Kwa hiyo unalenga jicho, halafu unainamisha kamera. Ukiinamisha, ubao wa fokasi, yaani bapa lile la mbele ya kamera ambamo vitu vinatoka vikali, unainama nayo na jicho linabaki mbele yake. Jicho likikaa milimita 12 juu ya katikati ya negativu, ukiwa mita 1, umekosea kama milimita 10. Nusu ya kina chako ni 7. Sikio hilo hapo.

mzee_wa_mkanda
Fundi kamaliza. Ndiyo maana mimi siinamishi kamera, nashuka kwa magoti, kamera inabaki wima kama lifti. Na pete ya lenzi siigusi tena nikishakaribia: naegemea mbele polepole mpaka kope mbili ziwe moja, nabonyeza pumzi ikiwa nusu. Jambo jingine, kama umefika umri wa kushika gazeti mbali, kitazamio cha M kimewekwa dayopta −0.5, sawa na kutazama kitu kilicho mita 2. Tafuta lenzi ya macho ya kukifidia. Mimi nililaumu kamera miaka miwili.

pwani_35
Nimerudi na majibu, mkanda umesafishwa jana. Rula kwenye stendi: sita kwa sita juu ya mstari. Mwezi ni mmoja. Kamera haina kosa.

Kisha nikamkalisha binamu yangu, mkononi, f/1.5, picha sita kila aina. Kuinamisha kamera mita 1: mbili tu. Kushuka kwa magoti: nne. Kurudi mpaka mita 1.5 na kushuka kwa magoti: zote sita, ingawa moja nina wasiwasi nayo. Uso umekuwa mdogo kidogo kwenye fremu, na kusema kweli naupenda zaidi hivyo, mkono wake na kikombe vimeingia.

M10 nimeiacha. Kikuzaji bado nakitaka.

Salma_Mskt
Safi. Bibi amesemaje?

pwani_35
Amesema nikija tena nije asubuhi, jua la jioni linamuumiza macho. Nami nilikuwa namwambia asipepese.

mzee_wa_mkanda
Usinunue kwanza. Changu cha 1.4x kiko kwenye kopo la chai kabatini, na mimi niko Pangani mpaka mwisho wa mwezi. Njoo ukichukue, ujaribu na bibi, ukirudi nacho niletee na picha.