Maji ya kisima Nakuru: povu la sabuni ni jingi, lakini kamba wanakufa wakijivua gamba

Mfugaji_Lanet

Salaam wanajukwaa. Ninafuga kamba wekundu wa maji baridi, aina ya Neocaridina, pamoja na samaki wadogo wachache aina ya gapi katika tangi la kioo la lita 60 hapa Lanet, na maji yote hutoka kwenye kisima cha ploti. Maji haya hutoa povu la sabuni kwa urahisi, na kipimo cha matone kinaonyesha GH, yaani ugumu wa jumla, ya nyuzi 2 tu. Lakini KH, yaani kiasi cha kaboneti, ni 13 na pH ni 8.4. Gapi wanaendelea vizuri, ila kamba hufa wanapojivua gamba, na huonekana pete nyeupe nyuma ya kichwa. Muuzaji mmoja amenishauri nitie magadi kidogo ili maji yapate chumvi, na mwingine ameniambia nitumie majani ya mti wa mkungu ili pH ishuke. Nimfuate yupi?

Mkemia_Njoro

Ndugu wa Lanet, usimfuate hata mmoja. Vipimo vyako havipingani: GH huhesabu kalisi na magnesiamu peke yake, na hayo ndiyo madini yanayozuia povu, ilhali KH huhesabu kaboneti na bikaboneti bila kujali zimeshikana na nini. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huyapa maji ya visima vyetu sodiamu na bikaboneti kwa wingi na kalisi kidogo, ndiyo sababu maji hayo yakawa laini kwa mfuaji nguo na bado pH ikawa juu. Floraidi nayo hutokana na hali hiyohiyo, kwa kuwa kalisi ikiwa nyingi hushikamana nayo na kuituamisha, na ikiwa haba floraidi hubaki imeyeyuka. Visima vingi vya Nakuru hupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekipendekeza kwa maji ya kunywa. Kamba huathiriwa na floraidi zaidi pale kalisi inapokosekana, kwa hiyo wako wanabanwa pande mbili.

Magadi ni kaboneti na bikaboneti za sodiamu, yaani kitu kilekile ambacho tayari umejaliwa kwa wingi, na yale ya Ziwa Magadi huja pia na floraidi. Yaache kwenye mrenda. Majani ya mkungu hayana ubaya, lakini asidi yake itamezwa yote na KH ya 13 na utabaki na maji ya rangi ya chai yenye pH ileile.

Njia ninayoiamini ni kupunguza kwanza, kisha kuongeza. Changanya robo ya maji ya kisima na robo tatu za maji ya mvua, na KH itashuka hadi kama 3, floraidi nayo ikipungua kwa uwiano huohuo. Baada ya hapo GH itakuwa karibu sifuri, nawe utairudisha kwa jasi na chumvi ya Epsom, ile ya haluli inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Kwa lita 100 za maji, gramu 3 za jasi hupandisha GH kwa nyuzi 1 hivi, na gramu 4.4 za chumvi ya Epsom hufanya vivyo hivyo, bila kugusa KH wala pH. Kwa lita 60 zako, gramu 7.4 za jasi na gramu 5.3 za Epsom zitakufikisha kwenye nyuzi 6 na nusu, ambazo zinawatosha Neocaridina. Tafuta jasi safi, si ya mafundi wa dari, kwa sababu ile huwa na viungio vingine. Jasi huyeyuka polepole mno, kwa hiyo ikoroge kwenye ndoo ya lita 20 na uiache hadi kesho yake. Usiimwage tangini ikiwa bado ni unga.

Mvua_Kakamega

Naongeza la mvua, maana huku kwetu ndiyo tunayo. Acha mvua ya mwanzo baada ya kiangazi ioshe paa kwanza, kisha ndipo uanze kukinga. Mabati mapya huachia zinki, ambayo ni sumu kwa kamba, kama ilivyo shaba. Tangi la plastiki linafaa. La saruji huachia chokaa majini, hasa likiwa jipya, nawe utashangaa mvua yenye pH ya 9.

Dunga_Akwaria

Nakubaliana na Mkemia kwa Nakuru, lakini tafadhali msomaji wa Kisumu asiichukue dawa hiyo kama ilivyo. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache tangu mwanzo, na shabu inayotumika kuyasafisha hula sehemu ya kaboneti zake. Sisi shida yetu ni KH kuisha. Bakteria wa kichujio hutumia takriban miligramu 7 za kaboneti, kwa hesabu ya kalisi kaboneti, kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia wanayoigeuza, na tangi lenye KH ya 2 na samaki wengi linaweza kuporomoka pH bila dalili yoyote. Mfuko mdogo wa kokoto za chokaa ndani ya kichujio unatosha.

Wanaodhani kamba hawezi kuishi kwenye maji laini wakumbuke ochong'a, Caridina nilotica, ambaye amejaa ziwani humu. Yeye ameyazoea, Neocaridina wa dukani amezalishwa kwenye maji mengine kabisa.

Mfugaji_Lanet

Nimewaelewa, asanteni. Mvua ikikatika, je, ninaweza kutumia maji ya madukani yanayouzwa kwa mtungi? Na nibadilishe yote kwa mara moja?

Mkemia_Njoro

Mengi ya maduka hayo huchuja kwa utando unaoondoa karibu madini yote, lakini baadhi huyarudisha kidogo ili yawe na ladha, kwa hiyo pima GH na KH kabla ya kulipia mtungi wa pili. Vichujio vya mkaa wa mifupa, vinavyojulikana sana hapa Nakuru, hupunguza floraidi tu. KH yako itabaki palepale.

Usibadilishe yote. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi humlazimisha kamba kujivua kabla gamba jipya halijawa tayari, na hapo utaiona pete ileile nyeupe. Badilisha lita 6 kwa wiki, uyaingize maji mapya kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo ili yadondoke tone kwa tone, na upime GH kila mara kabla ya kuongeza mengine.